Kuipima Hasara Kabla ya Faida

Kuna mafundi wasioacha nyuma yao meza wala mlango wa kuonyesha wajukuu. Mfanyabiashara wa spredi za opsheni ni mmoja wao. Kazi yake ikienda vizuri, siku ya kutisha hupita, akaunti ikabaki, naye kesho yake akaketi tena kwenye kiti chake. Wengi huihesabu kazi hii kuwa kamari. Mimi naona ni ufundi wa kusifiwa.

Opsheni ni haki inayouzwa: haki ya kununua, au ya kuuza, hisa 100 kwa bei iliyokubaliwa kabla ya tarehe fulani kupita. Ilipata soko lake rasmi Chicago tarehe 26 Aprili 1973, pale watu wa soko la nafaka walipoanza kuiuza katika chumba kilichokuwa cha wavuta sigara. Siku hiyo ziliuzwa haki za kununua tu, za hisa za kampuni 16, na mikataba ikafika 911. Haki za kuuza zilingoja hadi 1977.

Kishawishi hakijabadilika tangu hapo: uza haki, pokea fedha leo, omba kusitokee jambo. Chukua hisa ya dola 100. Unamuuzia mtu haki ya kukuuzia hisa hiyo kwa dola 95, naye anakulipa dola 2 kwa kila hisa, yaani 200 kwa mkataba. Fedha tamu. Hisa ikiporomoka hadi 60, utainunua kwa 95 hivyo hivyo, na hasara yako ni dola 3,300. Fundi haishii hapo. Wakati uleule naye hununua haki ya kuuza kwa dola 90, akailipia senti 80 kwa hisa; jozi hiyo ya haki mbili ndiyo spredi. Mapato yake yanashuka hadi dola 120. Hasara nayo imewekewa ukuta: 380, hata hisa igeuke karatasi tupu.

Hizo dola 80 ndizo ufundi wenyewe. Mwezi baada ya mwezi zinaonekana kupotea bure, na mwenye tamaa atakupigia hesabu ya jinsi ambavyo angetajirika bila hizo. Hesabu yake huwa sahihi, ila haina ndani yake siku kama 19 Oktoba 1987, ambapo kipimo cha Dow Jones kilipoteza asilimia 22.6 kabla jua halijatua New York. Wala haina 5 Februari 2018, siku ambayo VIX, kipimo cha hofu ya soko, kilipanda zaidi ya mara mbili.

Ukuta peke yake hautoshi. Ushindi ni 120, kipigo kamili ni 380; ushindi mara tatu haulipi kipigo kimoja. Ikiwa kila kipigo ni kamili, atahitaji kushinda mara 76 katika 100 ili tu asirudi nyuma, na dalali bado hajachukua chake. Ndiyo maana fundi hutumia muda mwingi kwenye idadi kuliko kwenye ubashiri. Mwenye dola 20,000 aliyeapa kutohatarisha zaidi ya asilimia 2 ana spredi moja. Moja! Akifungua kumi, kila moja ya hisa za benki tofauti, atajiona ametawanya hatari. Soko likitetemeka ataona benki zote kumi zikianguka pamoja. Na kabla ya kufungua huandika bei atakayotokea, kwa sababu mali bila daftari huisha bila habari.

Ninachokipenda zaidi ni anavyomaliza. Ijumaa ya mwisho wa mkataba hisa inafunga kwa 95.20, na mgeni wa kazi anajipongeza. Hajui kwamba aliyenunua haki ile anaweza kuitumia hata baada ya kengele ya kufunga soko, hadi saa kumi na moja na nusu jioni. Habari mbaya za kampuni zinatoka saa kumi na moja. Jumatatu mgeni anajikuta na hisa 100 alizouziwa kwa dola 9,500, na haki yake ya 90 ilikwisha Ijumaa ileile. Ule ukuta wa 380 haupo tena. Fundi alikuwa ameshaifunga spredi hiyo Jumatano kwa senti 10 kwa hisa. Ilimgharimu dola 10, na wenzake walimcheka kwa ubahili wa kinyumenyume.