Nani Alichimba Ming'oko?

Mwaka jana nilikwenda Masasi kutazama tamasha la utamaduni na vyakula vya asili. Sindimba ilichezwa, vinyago vya mpingo vilipangwa, na palikuwa na meza ndefu yenye kitambaa cheupe. Juu yake, kwenye sahani ya udongo, kulikuwa na ming'oko iliyochemshwa. Kikaratasi cha pembeni kiliandikwa: "Chakula cha asili cha Wamakonde." Basi.

Nilisimama pale muda mrefu. Nilipokuwa kidato cha kwanza, bibi alinitumia bwenini mfuko wa ming'oko kutoka Newala. Niliila usiku ndani ya shuka, wenzangu wasije wakaniita mtu wa porini. Sasa mgeni rasmi alikuwa anapiga nayo picha. Nilifurahi, nisiseme uongo. Lakini maonyesho yale yalikuwa na kasoro moja kubwa: yalionyesha chakula, yakaficha kazi.

Ming'oko haipandwi shambani. Unaifuata porini, unautambua mmea wake katikati ya majani mengine, kisha unachimba taratibu usije ukaukata mzizi. Maji ya kuichemshia nayo yana habari yake. Uwanda wa Makonde ni wa kichanga; mvua hunyesha ikazama, na kwa miaka mingi wanawake wa Newala walishuka mabondeni kuteka maji, wakapanda mteremko uleule na mitungi kichwani. Hayo yote hayakuwa kwenye kikaratasi.

Kosa hili lina umri. Mwaka 1906 Karl Weule, wa jumba la makumbusho la Leipzig, alifika Masasi na Newala wakati kusini kukiwa bado na majeraha ya Vita vya Maji Maji. Alinasa nyimbo kwenye silinda za nta na kukusanya vitu vya wenyeji kwa ajili ya makumbusho. Sauti zile ni hazina. Lakini mkusanyaji huchukua kinachobebeka, na ujuzi wa kuchimba haubebeki kwenye sanduku. Waandaaji wa Masasi ni watoto wa hapahapa, ila walitazama kwa jicho lilelile.

Kesho yake nilipanda gari kwenda Newala, nikamsimulia bibi. Alicheka.

"Mjukuu wangu, waliochimba walikuwepo?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia kwamba mwaka mmoja wa njaa, ming'oko ndiyo iliyomlea mama yangu na wadogo zake. Siku hizo hakuna aliyeiita utamaduni.

Nikiulizwa ushauri wa tamasha lijalo, nitaomba kiti kimoja nyuma ya ile meza. Akae mama aliyechimba, aulizwe maswali, alipwe posho kama mtoa mada yeyote. Bibi amekubali kuja, kwa sharti moja: ming'oko yake ataileta kwenye ungo, na watu waile.