Birika Lina Roho Gani?



Miaka mingi iliyopita, katika madrasa yetu hapa Mkuu, Rombo, kijana mmoja alichora birika la kutawadhia nyuma ya ubao wake. Nilimgombeza, nikamwamuru alifute. Nilikosea.

Ni kweli kuwa wanazuoni wengi wamekataza kuchora viumbe vyenye roho. Lakini imepokewa katika Sahihi Bukhari kuwa Ibn Abbas (R.A.) alimwelekeza mtu aliyekuwa akiishi kwa kazi ya picha achore miti na visivyo na roho. Basi birika lina roho gani? Mlango ulikuwa wazi, nami nikamfungia mtoto.

Wengine waliupita mlango huo zamani. Mwaka 1630 Pieter Claesz wa Uholanzi alichora fuvu la kichwa na saa juu ya meza, ili mtazamaji akumbuke mauti. Katika karne ya 18 Chardin wa Ufaransa alichora vyungu na mtungi wa shaba wa jikoni kwa heshima ambayo wenziwe waliwawekea wakubwa.

Na mlimani kwetu? Marehemu Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, alichora maisha ya Wachaga. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, imehifadhiwa katika jumba la sanaa za kisasa la New York. Pombe ni haramu, siitetei. Ila mkono wake uliijua nchi hii. Kasoro niionayo ni nyingine: humo chombo ni mzigo wa wapitao, hakisimami peke yake kikatazamwa. Na picha wanazouziwa watalii mjini Moshi ni Kibo na tembo tu.

Mimi natamani picha ya kibuyu kilichopasuka kikashonwa, kimewekwa kando ya kata na ndoo ya maji ya mfereji. Mchoraji akiuonyesha vyema ule mshono, amemtaja mwanamke aliyekishona bila kumchora uso. Hapo sanaa na adabu zimekutana, na mtazamaji amefundishwa kushukuru neema ndogo.

Yule kijana hakuchora tena mbele yangu. Walimu wenzangu, mkikuta birika ubaoni, litazameni kwanza kabla ya kuagiza lifutwe.

Wabillahi taufiq.