Korosho 48 kwa Sentensi Moja

Wadizaini wa stesheneri zote, kuanzia Mkuti hapa Masasi hadi Newala mjini, hebu wekeni kipanya chini kidogo! Kama umewahi kukesha ukinakili ua moja, unalibandika, unalisukuma kwa mshale wa kibodi hadi likae mstari mmoja na mwenzake, halafu unaanza tena na la pili, hii habari ni yako. Kimekuja kifaa kinachofanya kazi hiyo kwa kuambiwa tu. Na nimekiambia kwa Kiswahili, kikaelewa!

Jina lake ndilo refu: Cursor Talk to Figma MCP. Alikianzisha Sonny Lazuardi, na msimbo wake unapatikana bure chini ya jina la Grab, ile kampuni ya usafiri ya Singapore. Hiyo MCP ni itifaki iliyotolewa na Anthropic Novemba 2024, ili akili mnemba iweze kushika zana za programu nyingine badala ya kuishia kupiga soga. Hapa zana zenyewe ziko Figma, programu ya kudizaini. Unaweka plagini ndani ya Figma, unawasha seva ndogo kwenye kompyuta yako, unamuunganisha wakala, yaani akili mnemba yenyewe, kwenye chaneli ya plagini, basi. Wewe unasema, yeye anachora.

Nikaona nisimjaribu kwa vijisanduku vya mfano. Nikampa kanga.

Msimu wa jando na unyago ukikaribia, huku kwetu kila ukoo unataka kitu chake, na mteja anataka kukiona kwenye kioo kabla hajatoa hata shilingi. Nikafungua fremu ya 1500 kwa 1100, nukta moja kwa kila milimita, maana kanga moja ni kama sentimita 150 kwa 110. Nikachora korosho moja, ile ya kujikunja ncha, upana 80 na kimo 80, nikaiweka kona ya juu kushoto. Halafu nikaandika: inakili korosho hii kuzunguka pindo lote, kila moja ikae katikati ya chumba cha 100 kwa 100, kona zisirudiwe.

Jamani!

Hazishuki kwa mkupuo. Kila nakala ina amri yake, na kila amri inabeba namba mbili, umbali kutoka ukingo wa kushoto na umbali kutoka ukingo wa juu. Kwa hiyo unaziona zikitua moja moja: 110, 210, 310, mpaka 1410, safu ya juu imejaa korosho 15. Kisha anateremka pembeni, anatandaza safu ya chini, anapanda upande wa pili. Kumi na tano juu, kumi na tano chini, tisa kila ubavu. Arobaini na nane, na hakuna iliyompanda mwenzake. Nilikuza picha nikihesabu nukta za pengo kati ya korosho na korosho kama karani wa mizani anayekagua gunia la mwisho. Ishirini, ishirini, ishirini. Mji wa kanga umebaki mtupu katikati, unasubiri.

Utamu wenyewe unakuja mtu anapobadili mawazo. Alikuwepo dukani mama mmoja, kungwi, amekuja kulaminishia vyeti vya wajukuu. Akachungulia, akasema, "Mwanangu, hizo zimebanana. Ziache zipumue." Shikamoo mama, na ahsante! Zamani ushauri kama huo ungeniharibia jioni. Safari hii niliandika tu: juu na chini ziwe 12, ubavuni jumla ya safu ziwe 9. Wakala akafuta za ziada, akazisogeza zilizobaki, zikawa 38.

Na hapo kuna jambo la ufundi ambalo wengine hawataliona. Ukigawa 1500 kwa 12 unapata 125 kamili. Ukichukua hiyo hiyo 125 ukashuka nayo ubavuni, 1100 haigawanyiki, korosho ya mwisho inavuka ukingo wa chini. Ndiyo maana nilitaja safu 9, ambapo hatua ya kushuka inakuwa 122 na kidogo. Tofauti ya milimita tatu hivi! Mama yule hakuiona, na hata wewe usingeiona. Wakala anapiga hesabu haraka kuliko mimi, ila uamuzi wa wapi pafichwe zile milimita tatu ulikuwa wangu. Ukimwambia "zipange zipendeze", anapanga, lakini kupendeza kwake siyo kwetu. Mpe vipimo.

Kasoro? Ipo, na kwa kanga inauma. Orodha ya amri niliyonayo ina kunakili, kusogeza, kubadili ukubwa, kupaka rangi, kuandika maneno. Sikuona ya kuzungusha. Korosho za ubavuni zikabaki zimesimama kama za juu, wakati pindo linataka ncha zielekee ndani. Dawa yake ni nyepesi: chora korosho nne kwa mkono wako, kila moja na uelekeo wake, umwambie ipi ainakili upande upi. Tena, kazi nzima inategemea intaneti, hivyo bando lako liwe na afya. Na tusidanganyane: hii ni picha ya kumwonyesha mteja. Kanga ya kweli inachapwa kiwandani, kila rangi na skrini yake, na hilo halifanyiki kwenye meza yangu.

Vyeti vya mahafali nimevigusa juu juu: cheti kimoja, kinakiliwe, majina yabadilishwe kutoka kwenye orodha. Inakubali. Kadi za michango ya harusi, kumi kwenye karatasi ya A3, inakubali pia.

Ushauri wangu kwa wenye stesheneri: kiwekeni sasa, kabla minada ya korosho haijaanza na watu hawajapata hela ya kuagiza fulana, mabango na kadi kwa pamoja. Kukisakinisha kunataka uvumilivu wa mistari michache ya amri kwenye kidirisha cheusi; kama kinakutisha, mwite kijana aliyesoma kompyuta umnunulie soda. Mimi nina oda ya ukoo mmoja wa Newala, wanataka doti yenye mabibo pindoni, na nyuzi kati ya bibo na bibo. Naanza na bibo la kwanza.