Mlango, Kinyago na Korido Ndefu

Katika Hotline Miami, mlango ni silaha. Ukiusukuma kwa kasi, aliyesimama nyuma yake anaanguka chali. Unamrukia, unammaliza, unaokota bunduki yake, na wa kwanza kutokea chumba cha pili unamrushia usoni. Kisha risasi moja inakupata na umekufa, maana humu hakuna akiba ya uhai: pigo linalomtosha adui linakutosha na wewe. Unabonyeza R, na papo hapo umesimama tena mwanzoni mwa ghorofa. Muziki haukukatika hata kidogo.

Gemu hii ilitoka Oktoba 2012. Walioisuka ni Waswidi wawili, Jonatan Söderström na Dennis Wedin, kwa jina la Dennaton Games. Michoro yake ni ya pikseli nene za zamani, rangi ya waridi na samawati zikiwaka, na Miami ya 1989 inatazamwa kutoka juu kana kwamba kila nyumba imeezuliwa paa. Shujaa hupigiwa simu ya mafumbo, huvaa kinyago cha mnyama, huenda alikoelekezwa na kuua kila amkutaye. Hadithi ni hiyo tu, na inatosha.

Ninachokisifu ni kipimo. Nyumba za mchezo wa kwanza ni ndogo, na sehemu kubwa ya hatari iko mbele ya macho yako, kama kete kwenye bao: unaona nani anazunguka wapi, nani ana shotgani, mbwa yuko kona gani. Ukifa, unajua ulikosea wapi, na kwa kuwa kurudi hakugharimu kitu, unathubutu jambo la kichaa zaidi. Hata vinyago, ambavyo ni zaidi ya 20, vimekatwa kwa kipimo hichohicho. Ukivaa cha Tony, chui milia, ngumi yako inaua. Ukivaa cha Don Juan, farasi, ule mlango wenyewe unaua. Badiliko moja dogo, na nyumba uliyoizoea inadai mpango mpya.

Halafu kuna kurudi garini. Akianguka adui wa mwisho, muziki unakatika ghafla, unabaki mvumo mwembamba, na mchezo haukuvushi kwenda mbele. Lazima utembee mwenyewe, chumba kwa chumba, juu ya damu uliyoimwaga ukiwa umelewa mdundo. Sijaona mahubiri dhidi ya ukatili yaliyonigusa kama matembezi hayo, na hayana neno hata moja.

Mwendelezo, Hotline Miami 2: Wrong Number, ulitoka Machi 2015, na kila kitu kiliongezwa: wahusika, miaka, muziki, vita vya kubuni vya Hawaii vya 1985. Majengo nayo yakatanuka. Sasa kuna korido ndefu na kumbi pana ambamo mtu asiyeonekana kwenye skrini anakufyatulia risasi, nawe unakufa bila kujua kosa lako. Mchezaji anajifunza kujibanza kwenye kona, kuchungulia mbali, kupiga risasi moja ili wenye bunduki wamfuate. Ujasiri unageuka uvizi. Hapo ufundi ulipungua, nami nasema hivyo nikijua wapo wanaoupenda zaidi huu wa pili, na sababu wanazo.

Maana kuna mambo ambayo wa kwanza usingeyaweza. Badala ya kukuachia kabati zima la vinyago, Wrong Number mara nyingi unakukabidhi mtu na mipaka yake. Alex na Ash, wenye vinyago vya bata maji, huenda pamoja: mmoja ana msumeno wa mashine, mwingine anamfuata na bunduki, na mikono yako inawaendesha wote wawili. Yupo pia Evan, mwandishi anayetunga kitabu kuhusu mauaji ya wale wenye vinyago. Yeye hataki kuua. Akiokota bunduki, anatoa risasi na kuiacha. Adui zake anawapiga mpaka wazirai. Vidole vilivyofunzwa kufyatua bila kufikiri vinalazimika kufikiri upya kila mlangoni, na ukizidisha kipigo, Evan anavua koti lake na kuwa muuaji kama wengine. Hilo mchezo wa kwanza haukuwahi kulijaribu, na kwa ajili ya Evan peke yake ninarudi Wrong Number hata nikijua zile korido ndefu zinaningoja.