Waya Mpya kwa Land Rover ya Zamani: Anza na Ethi, Altaneta Baadaye

Mwenye Land Rover kuukuu akichoshwa na taa hafifu, humwendea fundi na ombi moja: "Nifungie altaneta kubwa." Altaneta inafungwa, balbu zinaongezwa wati, na haupiti muda waya za nyuma ya dashibodi zinaanza kunuka. Altaneta haina kosa. Kilichokosewa ni utaratibu wa kazi, na utaratibu huo ndio ninaouchambua hapa kwa mfano wa Series IIA, gari lililoundwa Solihull, Uingereza, kati ya 1961 na 1971, na ambalo bado linafanya kazi mashambani na mbugani kwetu.

Tuone kwanza lilivyotoka kiwandani. Umeme wake ni wa kampuni ya Lucas: dainamo ya ampea zipatazo 22 na fyuzi mbili tu. Taa kubwa hazina fyuzi hata moja. Mkondo wake wote hupita kwenye swichi ya dashibodi, kisha kwenye swichi ya fulu na dimu iliyo sakafuni, inayokanyagwa kwa mguu wa kushoto, palepale matope na maji yanapotua. Kila kiungo chakavu kinakula volti kidogo, na balbu ya uzi haistahimili upungufu huo: volti zikishuka asilimia 10, mwanga hupungua karibu asilimia 30. Kubadilisha waya huku ukiacha njia ileile ni kuufanya upya udhaifu wa zamani.

Kwa hiyo kazi inaanza na kipimo. Washa taa, weka multimita kwenye volti, gusisha ncha moja kichwa chanya cha betri na nyingine pini ya taa inayoleta umeme. Ikisoma zaidi ya nusu volti, kuna mahali panapomeza. Kisha pima upande wa ethi: kutoka pini nyeusi ya taa hadi kichwa hasi cha betri. Mara nyingi ugonjwa uko huku. Bodi ya Land Rover ni ya aloi ya alumini, chasisi ni ya chuma. Metali hizo mbili zikikutana na unyevunyevu, alumini huliwa na kuacha unga mweupe chini ya boliti. Kwa magari ya pwani, chumvi huharakisha uharibifu huo. Dawa ni kutoitegemea bodi tena: kila taa ipewe waya yake nyeusi hadi sehemu moja ya pamoja, na kutoka hapo kebo nene ziende betri, chasisi na injini.

Magari yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1967 hivi yana jambo la ziada: kichwa chanya ndicho kilichofungwa kwenye chasisi, kwa hiyo vichwa vya betri katika vipimo vya hapo juu hubadilishana nafasi. Altaneta za kawaida zinataka hasi kwenye chasisi. Ukigeuza, badilishanisha pia waya za koili na za geji ya ampea, na kama dainamo inabaki, ipewe usumaku upya kabla ya kuwasha injini.

Ethi ikishatulia, hamia kwenye rilei. Mbili zinatosha, moja ya fulu na moja ya dimu, zifungwe karibu na betri. Balbu mbili za H4 zenye wati 60 zinavuta ampea 10 kwenye fulu. Sasa mzigo huo unatoka betri moja kwa moja kwa waya ya milimita 2 za mraba, yenye nyuzi 28, inayobeba ampea 17.5. Swichi ya zamani inabaki na kazi ya kuamrisha rilei tu, chini ya robo ampea, na itadumu miaka mingi.

Kwenye fyuzi ndipo penye hatari isiyoonekana. Fyuzi ya kioo ya Lucas iliyoandikwa 35 inaungua kwenye ampea 35, lakini mzigo wake wa kudumu ni 17. Fyuzi za kisasa za plastiki huandikwa mzigo wa kudumu. Ukichomoa 35 ya kioo na kuchomeka 35 ya plastiki, umeongeza ruhusa maradufu, na waya itayeyuka huku fyuzi ikiwa nzima. Weka 15, kisha gawa saketi: fulu, dimu, honi, waipa, kila moja na fyuzi yake.

Viungo vibanwe kwa lagi na koleo lake maalumu. Lehemu hupanda ndani ya nyuzi na kuzikakamaza, na kwa mtikisiko wa gari hili waya hukatikia hapohapo.

Sasa ndiyo zamu ya altaneta. Lucas 18ACR hutoa ampea 43. Kebo yake iende moja kwa moja hadi kwenye solenoidi ya stata, isipitie geji ya ampea iliyokadiriwa kwa dainamo. Voltimita itachukua nafasi ya geji hiyo. Taa ya onyo ibaki balbu ya wati 2.2, kwa kuwa mkondo wake ndio unaoiamsha altaneta. Ukiweka LED, huenda isichaji.

La mwisho, ambalo mafundi wengi wanalipuuza: tunza rangi za Lucas. Kahawia ni umeme wa betri, nyeupe wa swichi ya ufunguo, kijani uliopita kwenye fyuzi, bluu wa taa kubwa, nyeusi wa ethi. Chora kila ulichoongeza na uache mchoro ndani ya gari. Waya nyekundu tupu kila mahali zinamfaa aliyezifunga pekee. Atakayekuja kulitengeneza gari hilo baada ya miaka ishirini anastahili kuisoma kazi yako bila kukata kitu.