Saa Moja kwa Wiki, Wiki Nne

Anayetaka kulielewa neno msongo na asimame karibu na Archives, katikati ya jiji la Nairobi, saa kumi na moja jioni, watu wanapokimbilia matatu. Hakuna anayemsukuma mwenzake kwa ubaya; kila mtu ana pa kwenda, ila nafasi ni finyu. Msongo wa mawazo ndivyo ulivyo. Mawazo husongamana kichwani hata lile dogo likakosa pa kupita.

Kwa mwanafunzi wa sekondari Nairobi, msongo huo una jina: KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Shuleni kwetu matokeo yalibandikwa ukutani kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, nasi tukayasoma tukiwa tumeshika pumzi. Nakumbuka kwamba waliokuwa juu kabisa ndio waliolala kidogo kuliko wote. Mmoja alipata A-, akajifungia chooni akalia. Kwake, kosa moja kwenye karatasi lilikuwa kosa ndani yake mwenyewe.

Ndiyo maana naihusudu kazi ya Tom Osborn, Mkenya aliyesomea saikolojia Chuo Kikuu cha Harvard, na wenzake wa Shamiri, mpango wa kuwapunguzia wanafunzi huzuni na wasiwasi. Hilo jina pekee ni ufundi. Ni kijana gani atakayeinuka darasani, wenzake wakimtazama, aende kwenye kikao cha wenye matatizo ya akili? Lakini kushamiri, nani asiyetaka?

Walianza Kibera na wanafunzi 51. Baadaye wakafanya jaribio kubwa zaidi, la wanafunzi 413, lililochapishwa mwaka 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry. Vikundi vidogo vilikutana saa moja kwa wiki, wiki nne, vikiongozwa na vijana waliomaliza sekondari juzijuzi tu. Hawakuwa madaktari, na wataalamu wenyewe nchini ni wachache mno. Kijana wa miaka kumi na tisa anaujua ule ukuta wa matokeo, haelezwi.

Walizungumza juu ya mambo matatu: kwamba uwezo wa mtu hukua, haukuumbwa ukakoma; shukrani; na yale ambayo mtu anayathamini kweli maishani. Nikisoma la kwanza namfikiria yule mwenzetu wa A-. Aliamini amekwisha kupimwa, kipimo kimefungwa.

Lakini kinachonivutia zaidi kimejificha mahali ambapo msomaji wa haraka hapaoni. Wanafunzi waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu walipata vikao vya Shamiri. Wengine nao walikutana katika vikundi, saa zilezile na kwa wiki zilezile, wakiongozwa na vijana wa aina ileile, ila wao walifundishwa mbinu za kusoma: namna ya kuandika muhtasari, namna ya kupanga muda. Ingekuwa rahisi mno kuwalinganisha na watoto walioachwa bila chochote. Kijana aliyekaa mwezi mzima na kaka au dada anayemsikiliza atapata nafuu kwa kusikilizwa tu, na mtafiti mwenye pupa angejipa sifa zote. Hawa waliitoa ile nafuu ya urafiki kwenye hesabu yao kwa hiari, wakaiacha kazi yao isimame peke yake. Huo ni uaminifu wa fundi seremala anayepiga randa hata upande wa kabati utakaoegemea ukuta.

Tena wakapima kwa karatasi isiyo na makuu. Kwa wiki mbili zilizopita, umekosa usingizi mara ngapi? Umejiona umeshindwa maishani? Jibu ni sifuri hadi tatu: hapana kabisa, siku chache, zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku. Maswali ya huzuni ni nane, ya wasiwasi saba. Mtoto anaweka alama mwenyewe, kimya kimya, kalamu ikisita pale panapouma.

Dalili za huzuni na za wasiwasi zilipungua zaidi kwa waliopata Shamiri kuliko kwa waliofundishwa mbinu za kusoma. Wengi wangeishia hapo, wakashangilia. Wao walisubiri. Wiki mbili zikapita, wakauliza tena. Baada ya miezi saba, upya wa vikao ukiwa umekwisha na masomo yakiendelea kubana kama kawaida, waliwarudia wanafunzi walewale na maswali yaleyale, kuona kilichobaki. Nafuu ilikuwa bado ipo.