Swali la Mnunuzi

Mwaka 2008 Vicky Ntetema, aliyekuwa akiongoza ofisi ya BBC Dar es Salaam, alikwenda Kanda ya Ziwa akijifanya mfanyabiashara anayetafuta utajiri. Aliwafikia waganga 10. Wawili wakamwahidi dawa iliyochanganywa na viungo vya watu wenye ualbino. Bei ya kuanzia: dola 2,000.

Sisi wa Rujewa, mji wa mpunga na mashine za kukoboa, tunaelewa upesi kwa nini alichagua sura ile. Ghala la mtu likijaa haraka msimu wa mavuno, hakosi wa kunong'ona kwamba ana mganga wake. Kwa hiyo mfanyabiashara akipiga hodi kilingeni, hakuna anayeshtuka. Ufundi wenyewe ndio huo: uongo mdogo kabisa, unaofanana na mteja wa jana.

Miongoni mwa waliotangulia katika njia hii ya kuripoti kwa kujifanya mtu mwingine ni Nellie Bly, mwandishi wa habari wa Marekani. Mwaka 1887, akiwa na miaka 23, alijizoeza kukodoa macho mbele ya kioo, akapanga chumba katika nyumba ya akina mama huko New York, akakataa kulala usiku kucha, hadi akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Blackwell's Island. Alipoingia tu, akaacha kuigiza. Uamuzi huo naupenda mno. Alizungumza na kutenda kama siku zote, na bado hakuruhusiwa kutoka. Utimamu wake ukawa ushahidi dhidi ya waliomfungia. Kwa siku 10 aliyaweka moyoni yote: chakula kibovu, ndoo za maji ya baridi kichwani, mabenchi waliyokalishwa kutwa, wahamiaji waliofungiwa kwa kutojua Kiingereza.

Ntetema hakuwa na nafuu hiyo. Ilimpasa abaki mteja hadi mwisho, mbele ya mtu anayemtajia viungo vya binadamu bila kupepesa. Mwandishi mwenye hasira angekemea, na mazungumzo yangekufa palepale. Yeye aliuliza bei. Kwangu mimi, hilo ndilo swali bora kuliko yote aliyouliza, maana bei iligeuza uvumi kuwa biashara yenye muuzaji.

Habari ilipotoka, vitisho vikafuata, akalazimika kujificha. Mwaka 2010 alipewa tuzo ya kimataifa ya ujasiri katika uandishi wa habari, na baadaye akaongoza shirika la Under the Same Sun hapa Tanzania, akiwatetea watu wenye ualbino waziwazi, kwa jina lake mwenyewe.